Bwana Godoro na Uwanja Uliokunywa Mvua

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, simameni. Wenye kofia, vueni. Wenye sufuria jikoni, punguzeni moto. Leo taifa zima limeinamisha kichwa kwa majonzi yasiyo na kifani, kwa kuondokewa na nguzo ya biashara, mlezi wa michezo na mheshimiwa wa waheshimiwa, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa timu yetu ya Siafu.

Taifa zima, kwa sasa, ni watu wawili. Mimi na fundi mitambo. Fundi mitambo ameinamisha kichwa kweli, ila anatafuta karanga iliyomdondokea chini ya meza. Feni nayo imesimama kwa heshima, lakini hiyo ilisimama tangu mwaka jana.

Hii ni nusu saa ya shule yetu ya bweni, ile ambayo redio ya mji hutugawia kila Jumamosi asubuhi kwa moyo wa ukarimu, na kwa sababu hakuna mtangazaji wao anayekubali kuamka. Mwalimu mlezi wa kipindi alipanga leo tuzungumzie umuhimu wa kupiga mswaki. Meno yatasubiri. Tuna msiba.

Aliyetutoka ni Bwana Godoro. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bwana Godoro, wa kiwanda cha magodoro, wa timu ya Siafu. Katika maisha yake yote ya kazi alitaka jambo moja tu. Alitaka mtoto wa mtu asiumie mikononi mwake. Baadaye wakampa timu, akataka la pili: timu isishuke daraja mikononi mwake. Mtu anayetaka mambo mawili si mlafi. Ila haya mawili, wasikilizaji wapendwa, yalikuja kugombana, na ugomvi wao ndio uliomtoa kwetu.

Tuanze mwanzo.

Aliingia kiwandani akiwa kijana asiye na ndevu, akapewa kazi ya kukata sponji. Waliowahi kufika kwenye chumba kile wanakijua. Sponji inakuja bonge zima, kubwa kama gari, inasukumwa kwenye wembe mrefu unaolia kama mbu. Vumbi lake ni la njano. Linaingia puani, linakaa kwenye nyusi, linalala kwenye mfuko wa shati. Dada yake mkubwa anakumbuka vizuri.

"Akirudi nyumbani tulimkung'utia mlangoni kama zulia," anasema dada yake. "Ukimkumbatia, unapiga chafya mpaka kesho."

Kutoka kwenye wembe akapanda. Akawa msimamizi wa ghala, akawa mtu wa mauzo, mwisho akawa meneja mkuu. Alipanda bila kumkanyaga mtu, jambo ambalo wenzake hawakumsamehe. Na alipofika juu aliweka sheria moja. Hakuna magodoro yatakayotoka kiwandani kabla yeye mwenyewe hajalilalia mojawapo. Alikuwa akivua viatu, analala chali katikati ya ghala, mikono tumboni, macho yamefumba. Siku moja wenye kiwanda walikuja na wageni wa heshima, wakamkuta meneja wao mkuu amejinyoosha baina ya makuli.

"Huyu vipi?" mgeni mmoja akauliza.

"Nipo kazini," akajibu Bwana Godoro bila kufumbua jicho. "Na hili lina uvimbe begani. Lirudisheni."

Huyo ndiye mtu tuliyempoteza.

Sasa, kiwanda kilikuwa kinaidhamini Siafu. Jina la magodoro lilikuwa kifuani mwa kila mchezaji. Lakini timu ilikuwa hoi. Mkurugenzi aliyekuwepo aliingia mitini na hakuacha hata kalamu. Wenye kiwanda wakatazamana, wakamtazama Bwana Godoro, wakasema: wewe unajua kuongoza watu, nenda kaongoze na hawa. Akasema mpira hajui. Wakasema utajifunza. Ndivyo mtu anavyotupwa kisimani, wasikilizaji wapendwa, huku akipongezwa.

Siku ya kwanza uwanjani aliwapanga wachezaji mstari mmoja, akawakagua kama mwalimu wa zamu. Akafika kwa kipa. Akasimama.

"Huyu mbona hajavaa sare?"

"Mkurugenzi, huyo ni kipa," nahodha akamwambia taratibu.

"Hata kama ni kipa. Wenzake wote wamevaa nyekundu, yeye kaja na kijani. Mpeni onyo."

Kipa akapewa onyo. Kocha alikwenda nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, akaonekana ameshika ukuta kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Siku iliyofuata Bwana Godoro alirudi, akawapanga tena, akasema mbele ya wote: "Nimeelezwa. Kipa ana ruhusa. Kijana, nisamehe." Hapo ndipo wachezaji walipompenda. Viongozi wa timu waliokuwa hawajui mpira walikuwa wengi. Wa kuomba radhi hakuwahi kutokea.

Kisha akaenda kambini. Akaona vitanda. Magodoro yalikuwa membamba kama karatasi ya mtihani, na mengine yalikuwa na wachezaji wawili wawili. Bwana Godoro akavua viatu. Akalala kwenye moja. Alipoamka alijishika kiuno, akasema neno ambalo mpaka leo limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa kambi: "Hapa ndipo mnapofungwa."

Kesho yake lori likaja limejaa. Wiki haikuisha kocha akawa ofisini kwake, amefura.

"Mkurugenzi, umeniharibia timu. Winga wangu amekuja mazoezini na alama ya mto shavuni."

"Kiberiti?"

"Huyo huyo Kiberiti."

"Mechi iliyopita alifunga?"

"Alifunga mawili."

"Basi mpe mto wa pili."

Msimu ule Siafu walimaliza nafasi ya tatu. Narudia: ya tatu. Timu iliyokuwa ikipigwa mpaka na mvua. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na mito. Wageni wakifungwa, jukwaa zima linapunga mito na kuimba, "Laleni! Laleni!" Na pale katikati, ndani ya suti yake ya kijivu, alisimama mtu ambaye ofsaidi alikuwa bado anaiona kama uonevu, anapiga mto wake kwa ngumi na kuimba kuliko wote.

"Alicheka mpaka jino la mwisho," anasema mkewe. Haya alinisimulia jikoni, akichambua maharage. "Nimekaa naye ndoa miaka yote hiyo, sikujua kama kule ana jino."

Shikeni picha hiyo, wasikilizaji wapendwa. Mto, suti, jino. Mtaihitaji, maana kuanzia hapa sina nyingine nzuri.

Msimu uliofuata ulipokuwa karibu kuanza, Siafu walicheza mechi ya kirafiki. Uwanja wao ulikuwa mkavu. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba mpira ukidunda unasikika barabarani. Kiberiti akatoroka na mpira upande wa kulia, akaguswa kidogo tu, akaangukia goti. Sauti yake ilifika jukwaani. Mlio ulikuwa mfupi na mkavu, kama wa mtu anayevunja ufagio.

Bwana Godoro alilifuata gari la wagonjwa kwa miguu mpaka alipopata usafiri. Katika korido ya hospitali, kwenye benchi la mbao, alimkuta mama yake Kiberiti. Mama huyu ni fundi cherehani. Alikuwa ameitwa kutoka kwenye kazi, na pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake.

"Wewe ndiye mwenye uwanja?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Ule si uwanja. Ile ni saruji mmeipaka rangi ya kijani. Mwanangu si tofali."

Daktari alitoka, akasema goti litapona lakini mpira basi. Mama yule hakulia. Alianza kuchomoa pini moja moja na kuzichomeka tena pale pale.

"Mama," Bwana Godoro akasema, "hakuna mtoto wa mtu atakayeangukia saruji tena kwenye uwanja wangu. Nakuahidi."

"Ahadi zenu ndizo laini," mama akajibu. "Uwanja ndio mgumu."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bwana Godoro aliishi na usufi na sponji tangu ujana, lakini mzigo wa mwenzake hakuwahi kuuona mwepesi. Usiku ule, anasema mkewe, alikaa kwenye ukingo wa kitanda anabonyeza godoro kwa kidole. Anabonyeza, anaachia. Anabonyeza, anaachia. Kisha akasema, "Mama watoto, kwa nini nyasi zisiwe hivi?"

Naomba msicheke. Mimi nilicheka, na sina raha.

Alifukua uwanja mzima. Akachukua sponji ya kiwandani kwake, sponji nzito, ile ya magodoro ya hoteli, akaitandika kutoka goli hadi goli. Juu yake udongo. Juu ya udongo nyasi. Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyepinga. Kocha hakupinga. Nahodha alishangilia. Mtunza uwanja alipiga makofi. Magazeti yaliandika kwamba Siafu wameingia karne nyingine. Siku ya kuuzindua, Bwana Godoro alivua viatu mbele ya wageni wa heshima, akaenda mpaka duara la katikati, akalala chali. Mikono tumboni. Macho yamefumba. Wachezaji wakamfuata, mmoja mmoja, timu nzima ikajinyoosha juani. Kocha akalala pembeni yake.

"Unaonaje, mwalimu?" Bwana Godoro akamuuliza.

"Mkurugenzi, hapa filimbi ikipulizwa mimi siamki."

"Uvimbe begani?"

"Hamna."

Akafumbua macho, akatazama jukwaani. Kiberiti alikuwa amekaa na magongo yake, na mama yake pembeni. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kama mteja anayekubali suruali baada ya kuijaribu. Kwa Bwana Godoro hilo lilizidi kombe.

Na kweli, wakati wa kiangazi, hakuna aliyeumia. Narudia: hakuna. Mchezaji akianguka anainuka anacheka. Daktari wa timu alikosa kazi, akawa anasinzia kwenye benchi mpaka mpira umpige. Lakini pasi zilizozoea kufika zikaanza kuishia njiani. Siafu walikuwa timu ya mbio, na mbio zinataka mpira unaokimbia. Wakienda ugenini, kwenye viwanja vigumu, miguu yao iliyozoea ulaini ilikuwa kama ya watu waliotoka kuamshwa. Sare. Kufungwa. Sare. Kufungwa. Nafasi ya tatu ikawa ya saba, ya saba ikawa ya kuombea wengine wafungwe.

Kocha akaenda tena ofisini. Safari hii hakufura. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mkurugenzi, mpira unachoka kabla ya wachezaji."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi, mwalimu."

"Tutashuka daraja."

"Hatushuki," akasema Bwana Godoro. Lakini mkewe anasema kuanzia siku hiyo alianza kuota na kuongea ndotoni, na alichokuwa akisema kilikuwa msimamo wa ligi.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Msemo huu sikuutunga mimi, la sivyo ningeufuta.

Ikafika mechi ya mwisho, nyumbani. Siafu walihitaji sare tu. Wakitoka sare, wanabaki. Wakifungwa, wanashuka. Na asubuhi ya siku hiyo mvua ikaja, mvua ya kwanza kubwa tangu sponji itandikwe. Ilinyesha kama inamwagwa kwa ndoo, ikakatika saa chache kabla ya mechi.

Bwana Godoro alitangulia uwanjani. Aliutazama, akapumua. Hapakuwa na dimbwi hata moja. Nyasi zilikuwa za kijani, zinang'aa. Akakanyaga. Maji yakapanda mpaka kwenye kamba za viatu. Akainua mguu. Maji yakarudi chini, nyasi zikafunga juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Akakanyaga tena. Yakapanda tena. Sponji ilikuwa imekunywa mvua yote, na haikuwa na nia ya kuitema.

Mwamuzi akaja na mpira. Akaudondosha katikati ya uwanja. Mpira ulitoa sauti ya kitambaa kilicholowa, ukabaki pale pale.

"Mkurugenzi," mwamuzi akasema kwa sauti ya chini, "uwanja ni wako. Ukiniambia haufai, naahirisha sasa hivi. Tutarudi jua likiwaka."

Neno moja tu lilihitajika, wasikilizaji wapendwa. Haufai. Hata mtoto wa chekechea analitamka. Nahodha alikuwa anamtazama. Kocha alikuwa anamtazama. Bwana Godoro aliinua macho jukwaani. Watu walikuwa wameshajaa, mito mikononi. Na mahali pale pale, Kiberiti na magongo yake, na mama mwenye pini. Angesema haufai, ingekuwa amesema ile ahadi ya kwenye korido haifai. Ingekuwa amemwambia mama yule, mbele ya mji mzima, kwamba alichompa badala ya goti la mwanawe ni sponji iliyolowa.

"Chezeni," akasema.

Walicheza. Kama kule kuliitwa kucheza. Watu wazima ishirini na wawili walikuwa wanavuta miguu kama ng'ombe kwenye tope. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeumia. Dakika zikaenda, sifuri kwa sifuri, na sifuri ilikuwa inatosha. Mashabiki wakaanza kuimba taratibu. Saa ya mwamuzi ilikuwa imekaribia mwisho. Beki wa Siafu, peke yake, hana presha, akaona amrudishie kipa. Ndiye yule yule kipa wa onyo. Akapiga pasi nzuri, ya vitabuni.

Mpira ukaenda nusu ya njia. Ukakaa.

Kipa akautazama. Beki akautazama. Mshambuliaji wa wageni, aliyekuwa anatembea kuelekea nje kwa uchovu, naye akautazama, akashtuka kwamba yeye ndiye wa karibu zaidi. Hakukimbia hata yeye. Alikwenda tu. Kipa alijitahidi kutoka golini, kila hatua inamvuta chini, maji yanapanda na kushuka. Mshambuliaji akaugusa kwa ncha ya kiatu, ukapita pembeni ya kipa pole pole mno, kiasi kwamba jukwaa zima lilipata muda wa kusema "Hapana."

Moja kwa sifuri. Filimbi. Siafu wameshuka daraja.

Hakukuwa na ghasia. Laiti zingekuwepo. Ilikuja sauti moja kutoka jukwaa la mbali, wala si kali: "Lala, Godoro." Kisha mbili. Kisha wote. "Lala! Lala!" Na mito ikaanza kurushwa. Ilianguka uwanjani kwa mamia, bila mlio, na kila uliotua ukaanza kulowa.

Bwana Godoro alishuka. Akaingia uwanjani na suti yake, akaanza kuokota. Mto mmoja, anaukamua, anauweka kwapani. Mto wa pili, anaukamua. Mikono ikajaa, ikaanza kudondosha, akawa anarudi kuokota iliyodondoka. Watu wakaacha kuimba. Wakaondoka. Aliendelea mpaka kocha alipokuja kumshika mkono na kumtoa, kama anavyotolewa mzazi aliyepotea njia sokoni.

Mengine mnayajua. Watu waliacha kununua magodoro yale. Duka likikuuzia, jirani anakuuliza kama unajua kuogelea. Wenye kiwanda walimwita Bwana Godoro, wakamshukuru kwa utumishi uliotukuka, wakamwonyesha mlango ambao yeye ndiye aliyeununua. Timu ikachukuliwa na watu wa mji mwingine, ikabadilishwa jina na rangi. Uwanja sasa ni yadi ya magari yaliyotumika. Mvua ikinyesha magari yanazama mpaka kwenye ringi, na muuzaji anamtukana mtu asiyemjua.

Kiberiti alikwenda nyumbani kwa Bwana Godoro mara moja. Siku hizi anatengeneza simu. Alisimama barazani, hakukubali kukaa.

"Mzee, ungeniacha na goti langu," akasema. "Goti lilikuwa langu peke yangu. Timu ilikuwa ya wote."

"Ni kweli," Bwana Godoro akajibu.

"Usiniambie ni kweli! Nimekuja unibishie."

"Ni kweli, mwanangu."

Kiberiti alipiga gongo lake ukutani, akaondoka analia. Hakuna nafuu katika kumtukana mtu anayekuitikia.

Baada ya hapo Bwana Godoro alilitoa godoro lake chumbani, akalisimamisha ukumbini kama mgeni asiyepewa kiti. Yeye akalala sakafuni, kwenye saruji tupu. Mkewe alimsihi. "Nilimwambia, baba, utaumwa mgongo. Akaniambia saruji angalau haidanganyi." Mchana alikaa sebuleni, kwenye kiti kinachotazama ukuta, kwa sababu kile kingine kinatazama dirisha, na dirisha linatazama upande wa uwanja. Ukimuuliza kama atakula, anasema sawa. Ukimuuliza kama hatakula, sawa. Mkewe aliwahi kumjaribu, akamwambia jikoni kunaungua. Sawa.

Hivyo ndivyo alivyotutoka, wasikilizaji wapendwa. Hakuugua. Hakupata ajali. Aliondoka kidogo kidogo, kama mtu anayechota maji kwa kijiko, mpaka siku moja ukitazama kwenye kile kiti unaona suti.

Kwa niaba ya kipindi hiki natoa mkono wa pole kwa mkewe, ambaye bado anapakua sahani mbili. Kwa dada yake, ambaye hana tena wa kumkung'uta mlangoni. Kwa kocha, kwa kipa, kwa mama Kiberiti, ambaye nilimuuliza kama ana hasira naye akasema, "Yule ndiye pekee aliyeniahidi kitu akakifanya. Kwamba kilikuwa kibaya, hilo ni jambo lingine." Na sisi tuliobaki tujitafakari. Kila aliyelala kwenye zile nyasi siku ya uzinduzi akasema hakuna uvimbe, ajitafakari. Kila aliyerusha mto, ajitafakari. Kuna watu tunawazika kwa nyimbo, halafu tunashangaa mbona hawatoki nje.

Fundi mitambo ananionyesha kidole. Taa ya simu inawaka. Tumpokee mwenye rambirambi wa kwanza. Halo, karibu, uko hewani.

"Halo."

"Karibu, mama. Pole sana na msiba."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na... msikilizaji wetu mpendwa."

"Mpendwa wa nani? Wewe mtoto, akili zako umeziacha wapi?"

Fundi mitambo ameacha kutafuna.

"Mama, tuko hewani."

"Najua tuko hewani! Mji mzima uko hewani! Shangazi yako yuko barabarani na kiatu kimoja. Mama wa nyumba ya pili ameingia hapa analia, kajitupa mlangoni, na aliyemfungulia mlango ni baba yako mwenyewe. Yule mama alivyomwona, kilio cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza."

"Baba amefungua mlango? Ameinuka mwenyewe?"

"Ameinuka."

"Amekasirika?"

Nasikia anavuta kiti.

"Mama. Amekasirika?"

"Redio ilikuwa hapa mezani. Amekusikiliza tangu mwanzo. Nilitaka kuizima, akaniwekea mkono." Anavuta pumzi. "Jirani alipotulia akamuuliza, kumbe habari yenyewe si ya kweli? Baba yako akamwambia, 'Ni kweli, mama. Ila wamechelewa kutangaza.' Kisha amerudi kwenye kiti chake."

"Amesema hivyo?"

"Sikugombezi, mwanangu. Zima tu."

Amekata.

Wasikilizaji wapendwa, nimekamatwa. Mtu huyu hajafa. Ni baba yangu, na yuko nyumbani, na nimemtangazia kifo nikijua yuko hai. Namwomba radhi shangazi. Namwomba radhi jirani. Mwalimu mlezi amefika, namwona kwenye kioo cha mlango, anatikisa kitasa. Nimefunga kwa ndani, kwa hiyo nina dakika chache kabla sijafukuzwa shule.

Wanaonijua shuleni watasema ni mzaha wangu mwingine, kama ile kengele ya alfajiri niliyoivisha soksi. Sikukusudia mzaha. Likizo iliyopita nilivunja kioo cha sebuleni makusudi, mbele yake. Akasema sawa. Nilimpelekea ripoti mbaya kuliko zote nilizowahi kupata, na kupata mbaya vile kunahitaji bidii. Akasema sawa. Mtu aliyekuwa anarudisha godoro zima kwa ajili ya uvimbe wa begani! Nikawaza, kuna uongo mmoja ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuuitikia. Nikiusema redioni, kwa sauti, mji mzima ukisikia, ataruka kutoka kwenye kile kiti, atanyakua simu, atanitukana matusi ambayo kwayo redio hii itatozwa faini. Nilikuwa nimeyasubiri kwa hamu matusi hayo.

Nimemtangazia kifo ili akikatae. Amekikubali.

Mwalimu amepata ufunguo. Baba, kama bado hujazima, mimi ndiye nimekosea. Yote niliyosema kuhusu kifo chako ni uongo. Tafadhali, baba, kanusha.